Somo: Kutembea Brussels kwa kufuata chimbuko la michoro ya Hergé

Ndugu wanachama, somo hili nimeliandika kwa ajili ya wapenzi wa katuni wanaoishi Ubelgiji au wanaotarajia kupita huko, na hasa kwa wachoraji chipukizi ambao wamekuwa wakiniuliza mchoraji hupata wapi vitu vya kuchora. Matembezi haya nimeyaongoza mara kadhaa nikiwa na watu watatu au wanne, na nimeona kwamba swali hilo hujibiwa vizuri zaidi kwa miguu. Georges Remi, aliyezigeuza herufi za mwanzo za majina yake na kuzitamka kwa Kifaransa hadi akapata Hergé, alizaliwa Etterbeek, Brussels, mwaka 1907, akafariki mwaka 1983. Tintin, mhusika wake mkuu wa katuni, alianza kutoka tarehe 10 Januari 1929 katika toleo la watoto la gazeti la Kikatoliki la Le Vingtième Siècle. Kijana huyo wa kwenye karatasi alizunguka dunia na kufika hadi mwezini, ilhali mchoraji wake vitu vingi alivipata mahali ambapo tramu inafika.

Maandalizi

Tenga siku mbili, na isiwepo Jumatatu, kwa sababu makumbusho yote mawili tutakayoingia hufungwa siku hiyo. Mara ya kwanza sikuangalia ratiba, nikawasimamisha wageni waliotoka mbali mbele ya mlango uliofungwa, na lilikuwa kosa langu. Chukua daftari la kuchorea, penseli mbili, na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, maana mitaa ya mji wa kale imetandazwa mawe. Azima maktaba vitabu vinavyotajwa hapa chini, kwani bila kurasa zenyewe mkononi hutakuwa na cha kulinganisha.

Hatua ya 1: Kituo cha treni cha Midi

Ndani ya kituo kuna mchoro mkubwa wa Tintin akiwa amening'inia mbele ya kichwa cha garimoshi, na nje, juu ya jengo la wachapishaji Lombard, vichwa vya Tintin na mbwa wake vimekuwa vikizunguka tangu mwaka 1958. Vitazame, kisha endelea, kwa kuwa hizo ni alama za heshima tu na mchoraji hakuchota kitu hapo.

Hatua ya 2: Soko la Place du Jeu de Balle

Panda kuelekea mtaa wa Marolles na ufike sokoni kabla ya saa nne asubuhi, kwa kuwa mapema mchana wauzaji huanza kufunga. Soko hili la vitu vya mitumba limekuwa hapo tangu mwaka 1873, na bidhaa nyingi hupangwa chini, juu ya blanketi: bilauri zisizo na wenzake, fremu za picha zilizobaki bila picha, masanduku ya mikono ya milango ya shaba. Ni katika soko hili ambapo Tintin, katika Le Secret de la Licorne, anaiona merikebu ndogo ya mbao na kuinunua, na papo hapo watu wawili wanajitokeza kuing'ang'ania. Chagua kitu kimoja kilicho juu ya blanketi, ukichore kwa dakika kumi, na usikisafishe: kama kishikio kimevunjika, mchoro wako nao uwe na kishikio kilichovunjika. Halafu fungua ukurasa wa soko, utaona kwamba na yeye hakuvisafisha.

Kabla hujaondoka, tega sikio. Wazee wachache wa Marolles bado wana lahaja yao, Kiflemi kilichochanganyika na Kifaransa, na Hergé aliichukua akaibadilisha tahajia na kuifanya lugha ya Waarumbaya, watu wake wa kubuni wa msituni, na pia lugha ya nchi yake ya kubuni ya Syldavia. Msomaji wa Paris aliona maneno ya ajabu, lakini msomaji wa Marolles alisikia sauti ya nyanya yake. Ni kama mchoraji wa Nairobi awape watu wa sayari nyingine Sheng ya Eastlands iliyoandikwa kwa herufi zilizopinda.

Hatua ya 3: Chuo cha sanaa, rue du Midi namba 144

Hapa naomba msimame kwa muda mrefu, ingawa ni mlango tu, kwa kuwa mlango huu kwangu ndio kiini cha matembezi yote. Mwaka 1934 Hergé alitangaza kwamba safari ijayo ya Tintin ingekuwa Uchina. Padri mmoja aliyekuwa mlezi wa wanafunzi wa Kichina huko Leuven alimwandikia kumsihi asiwachore Wachina kwa dhihaka zilizozoeleka Ulaya, na hatimaye Hergé akakutanishwa na Chang Chong-jen, kijana aliyekuwa akisomea sanaa katika chuo hiki cha Académie Royale. Chang alimweleza historia, siasa na maisha ya kwao, akamfundisha kushika brashi, na maandishi ya Kichina yaliyomo katika Le Lotus bleu, kwenye mabango ya maduka na kuta za mitaa, ni ya mkono wake. Soma ukurasa ambapo Tintin anamwokoa mtoni kijana mwenye jina hilohilo la Chang, kisha wanakaa na kucheka pamoja uongo ambao watu wa kila upande wameaminishwa kuhusu wenzao.

Hergé hakwenda Uchina kwa ajili ya kitabu hicho. Kumbuka jambo hilo, tutalihitaji siku ya pili.

Hatua ya 4: Rue de l'Étuve na jumba la mfalme

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi rue de l'Étuve, ambapo ukutani amechorwa Tintin akishuka ngazi ya dharura na rafiki yake nahodha Haddock, kisha panda hadi kwenye jumba la mfalme linalotazamana na bustani ya Parc de Bruxelles. Sura ya mbele ya jumba hilo ilimsaidia kulichora jumba la mfalme wa Syldavia. Siku ya kwanza inaishia hapo, ikiwa ni takriban kilomita tatu kwa jumla.

Hatua ya 5: Makumbusho ya Cinquantenaire

Siku ya pili panda metro hadi Merode. Katika vyumba vya Amerika ya kale tafuta sanamu ya mbao ya watu wa Chimú wa Peru, ambayo ndiyo aliyoichora katika L'Oreille cassée. Weka kitabu wazi mbele ya kabati la kioo, ulinganishe mabega, mikono na kimo, uone alichobakiza na alichopunguza.

Hatua ya 6: Makumbusho ya Afrika, Tervuren

Nenda Montgomery ukapande tramu namba 44, inayopita katikati ya msitu hadi Tervuren. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1910, na lilifunguliwa upya Desemba 2018 baada ya matengenezo ya miaka mitano. Humo imo sanamu ya Paul Wissaert ya mwaka 1913: mtu aliyejifunika vazi la madoa ya chui, mikononi ana kucha za chuma, ameinama juu ya mtu aliyelala. Mtu huyohuyo anamnyemelea Tintin katika Tintin au Congo, hadithi iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1930 na 1931. Hergé hakuwa amekanyaga Kongo. Alichonga penseli, akaitazama sanamu iliyochongwa na Mbelgiji ili kuwatisha Wabelgiji, akaichora, na kizazi baada ya kizazi cha watoto kikaamini kwamba Kongo ndiyo hiyo.

Leo sanamu hiyo imewekwa chumba cha pembeni pamoja na nyingine zilizoondolewa kwenye maonyesho. Tafuta pia mchoro wa Chéri Samba wa mwaka 2002 uitwao Réorganisation: Wakongo wanaivuta sanamu kwa kamba waitoe nje, na wafanyakazi wa makumbusho wanaivuta irudi ndani. Mimi huwa nawaambia wenzangu wakae mbele ya mchoro huo mpaka kila mmoja achore mkono mmoja ulioshika kamba. Mkipata nafasi, fikeni pia kwenye kanisa la Tervuren, walipozikwa Wakongo saba kati ya 267 walioletwa mwaka 1897 kuonyeshwa kwa umma.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mombasa: Je, ndani ya makumbusho inaruhusiwa kuchora?*

Penseli kwa kawaida haileti tatizo, ila uliza mapokezini kabla ya kukaa, na rangi za maji ziache nyumbani.

*Mwanachama wa Antwerp: Nina watoto wa miaka saba na tisa. Wataweza?*

Siku ya kwanza wataiweza mkipumzika sokoni. Siku ya pili usiunganishe makumbusho mawili. Wapeleke Tervuren peke yake, na umweleze mkubwa kabla ya kuingia kile atakachokiona.

*Mwanachama wa Lubumbashi: Kitabu hicho cha Tintin au Congo kinatutukana. Kwa nini tukibebe mfukoni badala ya kudai kipigwe marufuku?*

Ndugu yangu, hasira yako naielewa na ninayo pia. Mkongo anayeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alianza kukishtaki mwaka 2007, na mwaka 2012 mahakama za Brussels zilikataa ombi lake, awali na kwenye rufaa. Kwa maoni yangu kitabu kibaki mikononi mwa watu wazima, kikiwa na maelezo mbele yake, kwa sababu kinaonyesha kosa kwa tarehe. Hergé mwenyewe alipokichora upya mwaka 1946 aliliondoa somo ambapo Tintin anawaambia watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji, akaweka hesabu ya mbili na mbili. Aliona palipooza. Lakini Kongo haikuwa na Chang wake mezani mwaka 1930. Gazeti liliagiza hadithi, yeye akaenda makumbusho. Mwanafunzi wa uchoraji akiviweka Tintin au Congo na Le Lotus bleu ubavu kwa ubavu, ataona miaka minne ilibadilisha nini, na nani aliyeibadilisha.

*Mwanachama wa Kigoma: Sitafika Brussels. Nitalitumiaje somo hili hapa?*

Nenda Kibirizi alfajiri, mitumbwi ya dagaa inaporudi na karabai zake. Chora mtumbwi mmoja kwa dakika kumi bila kuusafisha, pamoja na kamba iliyofungwa vibaya na ndoo iliyopasuka. Ukimaliza, mpelekee mwenye mtumbwi, umwombe akuonyeshe palipokosewa, upafute na kupachora upya ukiwa umekaa naye.