Kutafsiri misemo ya kila siku kati ya Kijapani na Kiewe

Kabla ya kugusa neno lolote, andika kando ya kila sentensi nani anamwambia nani, na saa ngapi. Kijapani hakiendi bila habari hizo. "Asante" kwa rafiki ni arigatō, kwa mteja au mkubwa ni arigatō gozaimasu. Kiewe, kinachosemwa kusini-mashariki mwa Ghana na kusini mwa Togo, kina akpe kwa wote, na ukitaka kulitilia uzito unasema akpe kakaka. Heshima yake utaikuta zaidi kwenye namna ya kumwita mtu: Kofi-san wa Kijapani aliye mkubwa kwako atakuwa Efo Kofi. Ukitoka Kiewe kwenda Kijapani na hujui uhusiano wa wasemaji, tumia maumbo ya adabu, yaani yanayoishia na desu na -masu.

Saa ina kazi pia. Konnichiwa, salamu ya mchana ya Kijapani, huanza kutumika saa nne au tano asubuhi, wakati Mwewe, yaani msemaji wa Kiewe, bado anasema ŋdi, salamu ya asubuhi. Ŋdɔ ni ya mchana.

Tafsiri tukio zima, si neno mojamoja. Mjapani mwenye njaa husema onaka ga suita, yaani tumbo limekuwa tupu. Mwewe husema dɔ le wuyem, njaa inaniua. Ukiipeleka hii Japani kama ilivyo, utaitiwa gari la wagonjwa. Woezɔ ya Kiewe hupokea mgeni na vilevile mwenyeji anayerudi, na jibu lake ni yoo. Kijapani kimegawa: mgeni hupewa irasshai, wa nyumbani anayerudi hupewa okaeri, naye huwa amesema tadaima. Otsukaresama, "pole na kazi" yetu, inakaa vizuri na ayekoo inayosikika kote Ghana. Itadakimasu ya kabla ya kula usiilazimishie neno. Iache, au eleza kwa sentensi moja.

Makosa mengi yako kwenye viwakilishi. Kijapani huviacha, Kiewe kinavitaka, na kina kimoja ambacho Kiswahili hakina: Kofi be yèdzo maana yake Kofi amesema yeye mwenyewe ameondoka, Kofi be edzo, ameondoka mwingine. Kwa Kijapani, Kofi wa kaetta to itta haikuambii ni nani, kwa hiyo rudi kwenye mazungumzo umtafute. Ukanusho wa Kiewe una vipande viwili, me na o ya mwisho: nyemenya o, sijui. Ukiisahau o, sentensi imeharibika.

Habari njema ni kwamba Kiewe cha tendo linaloendelea hutanguliza kitu kabla ya kitenzi, sawa na Kijapani: mele nu ɖum, gohan o tabete imasu, ninakula.

Katika maandishi, angalia herufi. ƒ hutamkwa kwa midomo miwili, karibu sana na fu ya Kijapani, lakini f ni ya meno na mdomo. Katakana, mwandiko wa Kijapani wa maneno ya kigeni, huziandika zote ファ, hivyo éƒá (alisugua) na éfá (alipoa) hazitofautiki. Weka herufi za Kiewe kando. Akpe ikiandikwa アクペ huzaa "u" ya ziada, maana kp hutamkwa kwa pamoja. Ɖ ya Kiewe ni U+0189 katika Unicode, orodha ya namba za herufi za kompyuta. Ð na Đ zinafanana nayo kwa macho, ila ukizigeuza ndogo hupati ɖ. Usifute alama za toni zilizoandikwa: míeva ni tumekuja, mieva ni mmekuja.

Google Translate ina Kiewe tangu 2022. Ukiitumia, jihadhari na sentensi zinazopitishwa kwenye Kiingereza, ambako "wewe" na "ninyi" huwa neno moja. Ni afadhali rasimu yako ya katikati uiandike kwa Kiswahili, kinachotenga wewe na ninyi kama Kiewe. Kisha mpe Mwewe asome kwa sauti, kwa kuwa toni nyingi haziandikwi, na umwombe akueleze kwa maneno yake ni nani anamwambia nani. Akitaja watu wengine, kagua viwakilishi kwanza.