Kabla ya kuchagua mfuko wa uwekezaji wa akiba ya uzeeni

Michango ya lazima inayokatwa kwenye mshahara na kupelekwa ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) huwekezwa na Mfuko wenyewe, na mwanachama haulizwi iende wapi. Uchaguzi huanza pale mwajiri, awe Unguja au Pemba, anapoanzisha mpango wa ziada na kuwaletea wafanyakazi orodha ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja.

Usitazame kwanza faida ya mwaka uliopita. Tazama mfuko umenunua nini: wa ukwasi huweka fedha katika amana na dhamana za muda mfupi, wa hati fungani hukopesha zaidi Serikali, na wa hisa hununua sehemu za makampuni, hivyo thamani ya kipande chake, yaani sehemu ya mfuko anayomiliki mwekezaji, hupanda na kushuka zaidi. Anayejiepusha na riba (na kwetu ni wengi) aulize mapema kama upo mfuko unaonunua sukuk, yaani hati za uwekezaji zisizo na riba.

Kisha soma ada ya usimamizi, ambayo aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo. Shilingi milioni 10 zikikua kwa asilimia 9 kwa mwaka baada ya ada, hufikia takriban milioni 86 baada ya miaka 25, lakini ada ikizidi kwa asilimia 1 tu na ukuaji ukabaki asilimia 8, hazizidi milioni 69.

Aliyebakisha miaka mitatu kustaafu asiweke sehemu kubwa kwenye hisa, kwani zikishuka hatakuwa na muda wa kungoja.