Namna ya Kutazama Mbio za Kwanza za Pikipiki za Msimu Jijini Arusha

Ukitaka kufaidi mashindano ya kwanza ya msimu ya motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye kona na matuta, fika uwanjani wakati wa mazoezi ya asubuhi, kwa kuwa hapo ndipo utakapotambua kona inayowasumbua waendeshaji na upande ambao upepo unasukumia vumbi. Vumbi la Arusha si la mchezo: udongo wake, uliotokana na volkano ya Mlima Meru, ukikauka huwa laini kiasi cha kupenya hata ndani ya mfuko wa kamera, hivyo simama upande unakotoka upepo na ubebe leso ya kufunika pua.

Mahali pa kusimama ndilo jambo kubwa. Pikipiki inayoteleza kwa kasi katika kona kwa kawaida hutupwa upande wa nje. Kwa hiyo usikae hapo, wala mbele ya tuta la kurukia, hata ukiwaona wapiga picha wamejipanga. Tafuta mwinuko ulio nyuma ya kamba, na uwashike watoto mkono.

Lango la kuanzia, yaani kizuizi kilicho mbele ya waendeshaji, likianguka chini kuashiria mwanzo wa mbio, kodolea macho kona ya kwanza, ambako waendeshaji wote hubanana na ambako, kwa maoni yangu, nusu ya utamu wa mbio huonekana. Bendera ya njano ikipeperushwa, ujue kuna hatari mbele na kupitana hakuruhusiwi. Ile ya miraba myeusi na myeupe huashiria mwisho wa mbio. Hata baada ya hapo usivuke njia mpaka msimamizi akuruhusu, maana aliyeachwa nyuma huenda bado anakuja.