Jinsi ya kuandika wasifu wa marehemu kwa Kiingereza ukaingia moyoni

Kazi yangu ni kuandika wasifu wa marehemu. Kibanda changu kiko Kisumu, hatua chache kutoka soko la Kibuye, na tangu 2009 watu huniletea karatasi zilizokunjwa mara nne mfukoni. Jumatano na Alhamisi ndizo siku nzito, maana Ijumaa programu za mazishi lazima ziwe zimechapishwa. Wengi hutaka Kiingereza kwa sababu ya wageni wa mbali, na nusu ya rasimu ninazopokea huanza na "the cruel hand of death".

Hiyo ni tashihisi: kifo kisicho na mkono kimepewa mkono. Mbinu yenyewe haina kasoro. Kilichochoka ni kauli. Waombolezaji waliisikia Jumamosi iliyopita na ile ya kabla yake, kwa hiyo haiwaonyeshi chochote tena. Usianze kwa kutafuta mbinu. Anza na marehemu. Waulize jamaa: mikono yake ilishika nini kila siku? Alisema neno gani mpaka watoto wakalikariri? Akiwa bado mbali njiani, mlijuaje kwamba ni yeye anayekuja?

Binti mmoja aliniletea kurasa nne kuhusu mama yake, aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani. Mama alikuwa ameitwa "pillar" mara sita. Nikamuuliza mama alikuwa akipimaje omena. Akanyamaza kidogo, kisha akasema gorogoro yake, kopo la kupimia, ilifurika kila mara, hata wenzake sokoni wakamlalamikia kwamba anawaharibia biashara. Hapo tukawa tumepata wasifu.

Tukaandika tashbihi: "She measured her love the way she measured her omena: past the brim." Maneno "the way" yanafanya kazi ya "kama" yetu, "like" na "as" pia hufaa. Baadaye, karibu na mwisho, tukaweka sitiari: "Her heart was a heaped gorogoro." Sitiari haina "kama", haina daraja, moyo si mfano wa gorogoro, moyo ndio gorogoro. Ina nguvu zaidi, lakini humtaka msikilizaji awe ameshakiona kitu chenyewe. Ndiyo maana mimi hutanguliza tashbihi. Mgeni asiyejua gorogoro ni nini atakuwa ameshaelewa kabla hujamfikisha kwenye sitiari.

Ukishachagua picha, kaa nayo. Rasimu ya binti huyo ilisema "our pillar has set in the west". Nguzo huanguka; kinachotua ni jua. Picha mbili zikigongana hivyo, msikilizaji huacha kumwona mama.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni takriri, kurudia neno kwa makusudi. Kiingereza kinaipokea vizuri sana mwanzoni mwa sentensi. Martin Luther King alifanya hivyo Washington tarehe 28 Agosti 1963 kwa maneno "I have a dream". Lakini hotuba iliyo karibu zaidi na kazi yetu ni ya Abraham Lincoln, kwa sababu aliitoa makaburini, Gettysburg, tarehe 19 Novemba 1863. Alisema "we can not" mara tatu mfululizo, kila mara na kitenzi kingine, kisha akamalizia na watu: "of the people, by the people, for the people". Edward Everett aliyemtangulia alizungumza kwa takriban saa mbili. Lincoln alitumia kama dakika mbili. Kila familia inayotaka kurasa nane huwa naisimulia habari hiyo.

Kwa mama wa omena tuliandika hivi: "She was at the beach before the boats. She was at the market before the sun. She was at the school gate before the bell." Mara tatu zinatosha, ya nne huanza kuchosha sikio. Na mpangilio una uzito wake. Lango la shule tuliliweka mwisho kwa sababu watoto wake ndio waliokuwa wakisikiliza, na hapo ndipo walipolia.

Chuku, yaani kutia chumvi, itumie kwa uangalifu. "The best mother in the whole world" inaweza kusemwa juu ya kila mama, kwa hiyo haimhusu huyu wako. Swali la balagha, lile lisilongoja jibu, weka moja tu: "Who will heap the measure now?"

Wapo pia marehemu waliokuwa wagumu. Familia huja kwangu na aibu, haitaki kusema uongo mbele ya jirani wanaojua kila kitu. Hapa Kiingereza kina njia ya heshima: kukanusha kinyume. Mzee mmoja aliyefoka sana lakini hakuwahi kulala nje ya boma lake, tulimwandikia: "He was not an easy man, and he was never an absent one." Wanawe waliisoma mara mbili pale kibandani, wakasema huyo ndiye baba yao. Singebadilisha sentensi hiyo kwa sifa yoyote.

Kabla ya kuchapisha, soma yote kwa sauti ukiwa umesimama. Atakayesoma huenda ni mjukuu, chini ya hema, kipaza sauti kikikatika na jenereta ikinguruma nyuma. Sentensi ikikumaliza pumzi, ikate. Kisha chukua kalamu ya risasi, weka mstari mdogo kila mahali pa kupumua, na miwili kabla ya sentensi unayojua itamliza.