Kiwanda cha maziwa kikifungwa: maziwa ya kesho utayapeleka wapi?

Lango likishafungwa, ng'ombe wa Molo, Njoro na Olenguruone, kaunti ya Nakuru, bado watakamuliwa asubuhi na jioni. Usiache kukamua ghafla: ng'ombe wa lita kumi akiachwa hivyo, kiwele hujaa na ugonjwa wa kiwele hufuata. Aliyebakiza miezi miwili hivi kuzaa mkaushe sasa, badala ya kumlisha bure. Mpunguzie chakula cha dukani kwanza, kisha daktari wa mifugo amtie dawa ya kukaushia katika kila chuchu. Wengine endelea nao. Wiki hiyo usipeleke ng'ombe sokoni. Madalali wamesikia habari kabla yako, na watakupunja bei.

Siku hiyohiyo kusanya risiti za maziwa na uombe taarifa ya lita na makato, iliyotiwa sahihi na tarehe. Angalia nani hasa anakudai na nani unamdai. Kama ulipeleka maziwa kupitia chama cha ushirika, mara nyingi anayekidai kiwanda ni chama, nawe unakidai chama. Akiteuliwa mfilisi, yaani anayekusanya mali ya kiwanda kilichofilisika na kuwalipa wanaodai, dai lipelekwe kwake kwa maandishi pamoja na nakala za risiti. Benki iliyoshika mali ya kiwanda kama dhamana huwa mbele yako kwenye foleni, kwa hiyo usikope kwa kutegemea fedha hizo.

Mkopo wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) uliokuwa ukikatwa kwenye maziwa haufi na kiwanda. Nenda kabla mwezi haujaisha ukaombe kupangiwa upya, la sivyo wadhamini wako ndio watakaokatwa. Mwenye agroveti, duka la dawa na chakula cha mifugo, naye mwambie mapema. Alikuwa anakupa chakula cha ng'ombe kwa deni kwa sababu ya malipo yale yale.

Sasa maziwa yenyewe. Ya jioni ndiyo huharibika. Weka mtungi wa alumini ndani ya pipa la maji baridi, maji ya nje yapite kimo cha maziwa ya ndani, koroga mara kwa mara na ubadilishe maji yakipata joto. Jerikeni la plastiki achana nalo: kona zake haziosheki, na uchachu wa jana huambukiza ya leo.

Mkiuza kama kikundi, pimeni kila mtungi. Changanya maziwa na spiriti ya kupimia maziwa kwa kiasi sawa. Yakiganda vipande, yakataeni. Laktomita, kipimo kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, isome kati ya 28 na 32 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Maziwa yakiwa na joto zaidi, ongeza alama 1 kwa kila nyuzi 5, maana wengi huitwa wezi wa maji kwa sababu tu maziwa yalipimwa yakiwa moto.

Yanayobaki yageuzwe mala, yaani maziwa ya kuganda. Kwa lita 20, tia sufuria ndani ya sufuria kubwa yenye maji ili maziwa yasiungue, yafikishe nyuzi 85 na uyashikilie hapo dakika 30. Yapoze hadi nyuzi 22 hadi 25, tia mililita 400 za kalcha ya mala (mbegu ya kugandishia), koroga, funika, yaache saa 16 hadi 18 bila kuyagusa. Usiku wa Molo ni baridi, kwa hiyo funga blanketi, au asubuhi utakuta bado ni maziwa matamu. Yasipoganda hata ukiyatunza hivyo, kalcha imezeeka, au uliitia maziwa yakiwa bado moto, au ng'ombe mmoja ametibiwa kwa antibiotiki na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa hazijaisha. Yakitoa mapovu na harufu ya chachu, vyombo havikuoshwa vizuri, mwaga. Mala ya jana inaweza kuwa mbegu ya leo kwa raundi chache tu, kisha nunua kalcha mpya.

Kabla ya kuuza mjini Nakuru au kupeleka Kisumu, pata kibali cha Bodi ya Maziwa ya Kenya na leseni ya kaunti, na wanaoshika maziwa wawe na vyeti vya afya. Mchuuzi mpya alipe kila siku kwa M-Pesa. Akitaka kulipa mwisho wa mwezi, mpe lita chache tu, ambazo hata asipozilipa ng'ombe wako hawatalala njaa.