Kutambua kuvu za ukoko kwenye magogo: rangi iache mwisho

Wageni ninaowaongoza msituni Amani, Usambara Mashariki, huja wakitafuta vinyonga na ndege. Gogo lililooza wanaliruka tu. Mimi hapo ndipo ninapopiga magoti, maana chini yake kuna kuvu zisizo na kofia wala shina, zimegandamana na mti kama ukoko wa wali na sufuria.

Vifaa vyangu vinaenea mfukoni: kisu chenye ncha, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, bahasha za kaki, penseli, na kichupa cha potasiamu haidroksaidi ya asilimia 5. Dawa hiyo inachoma ngozi, usiichezee. Amani ni hifadhi, kwa hiyo kukata sampuli kunataka kibali. Kama huna, piga picha na uache kitu mahali pake.

Nenda siku moja au mbili baada ya mvua, ukatafute gogo ambalo halijawa unga bado. Kabla ya kulikagua, uliza ni la mti gani, kwa sababu kuvu nyingine huchagua mti. Ukikuta msizi (Maesopsis eminii), ule mti mgeni uliotapakaa sana Amani, andika. Usipoujua mti, okota jani lake au kipande cha gome.

Kuvu za ukoko hupenda uso unaotazama ardhi. Shika gogo kwa upande wa mbali, ulivute kuja kwako, ili nge au tandu akitoka, gogo liwe kati yako na yeye. Siafu hawana adabu hiyo, ukiwaona, hama. Ukimaliza, rudisha gogo lilivyokuwa.

Kwanza hakikisha ni kuvu yenyewe. Kwangua kidogo kwa kucha: ukiona kijani chini ya ngozi ya juu, hiyo ni likeni, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Ikiwa nyeusi, ngumu kama mkaa na ina vipele, ikate: vyumba vidogo vya mviringo vilivyojipanga ndani vinakuonyesha kwamba ni ya ukoo wa Xylaria na Hypoxylon, si hizi tunazozitafuta.

Sasa lenzi. Hapa usiwe na haraka. Sogeza jicho karibu kabisa, na mwanga wa tochi uje kwa ubavuni ili vivuli vionekane. Uso ukiwa na vitundu vingi, umepata jamaa wa zile kuvu za rafu zinazoota kwenye visiki, ila huyu amelala. Ukiwa na vijino au vichuguu vidogo, fikiria Xylodon na jirani zake. Mikunjo iliyojipinda, yenye unyevunyevu kama nta, inaelekea kwa Phlebia. Uso laini ndio wenye kazi, lakini angalia tena: ukiwa wa kahawia na una vinywele vigumu vyeusi-vyeusi vilivyochongoka, hiyo yaweza kuwa Hymenochaete. Tone moja la ile dawa litakusaidia. Ukoo huo hugeuka mweusi papo hapo na kubaki hivyo.

Kisha fuata ukingo. Umeshikana na mti mpaka mwisho, umetoa nyuzi nyeupe, au umeinuka? Stereum huinuka na kufanya kijirafu chenye manyoya na mistari ya rangi juu. Watu wengi huichanganya na Trametes. Igeuze tu: chini ya Stereum ni laini kabisa, chini ya Trametes kuna vitundu.

Rangi naitazama mwisho, nanyi nawashauri hivyo. Kuvu ile ile ikiwa mbichi huonekana ya waridi, ikikauka imekuwa krimu na kupasukapasuka. Ninayeivunjia kanuni hii ni Terana coerulea peke yake, buluu iliyokolea kama kitambaa cha mahameli. Hiyo ukiiona, hutauliza mara mbili.

Vunja pia kipande cha mti. Mti uliopauka, laini, unaochanika nyuzinyuzi umepoteza lignini, kile kinachoupa mti ugumu. Ni kazi ya kuvu nyingi za ukoko. Uliokatika vipande vya mraba vya kahawia na kusagika unga umepoteza selulosi, yaani nyuzi zake. Lakini si kila ukoko unakula gogo. Tomentella huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti hai, gogo ni mahali pa kujishikiza tu. Hili lilinishangaza nilipolisoma, na bado linanifurahisha.

Nyembamba, nyeupe, laini: andika hivyo hivyo, “nyembamba, nyeupe, laini”. Asikudanganye mtu kwamba anaijua jina kwa macho. Hizo ni za hadubini: umbo la spora (chembe za kuzaliana), vifundo vya pembeni kwenye nyuzi, seli ndefu zinazochomoza juu ya uso. Kuishia kwenye jenasi, yaani jina la kwanza kama Stereum, si aibu, na programu ya simu inayokupa jina kamili kwa picha moja naishuku.

Sampuli weka kwenye bahasha, kamwe si mfuko wa plastiki, itaoza kabla hujafika nyumbani. Ikate pamoja na mti wake, unene wa kidole. Ianike juu ya jiko la mkaa, mbali na moto, joto la kuvumilika kwa mkono, mpaka iwe kavu kabisa. Nje ya bahasha andika kwa penseli tarehe, mahali, mti, na rangi ilivyokuwa mbichi, kwa sababu ikishakauka hutaikumbuka.