Friji la zamani au jipya: kagua hivi kabla ya kulipa

Friji la zamani lina sifa ya kudumu, na sifa hiyo ina sababu. Thamostati yake, ile ya kupanga baridi, ni ya kuzungusha kwa mkono, kompresa, yaani pampu ya gesi, inawashwa na relei (swichi) ndogo iliyochomekwa ubavuni, na kondensa, ule wavu mweusi wa kutoa joto, iko nje mgongoni. Kikiharibika kimoja, fundi anakibadilisha bila kugusa vingine. Mafriji mengi mapya yamefichwa mabomba ya kondensa ndani ya kuta, na yale ya inveta, ambayo kompresa yake hubadili kasi, yanaongozwa na bodi ya kielektroniki. Bomba likitoboka ndani ya kuta, matengenezo mara nyingi hayalipi. Bodi nayo haivumilii umeme wa kupanda na kushuka.

Hata hivyo, kuna la zamani lililokwisha kabisa na kuna jipya la kukaa miaka. Litakaloamua ni ukaguzi.

Anza na kibati cha maelezo ya friji, ndani ubavuni au nyuma karibu na kompresa. Tafuta volti 220–240 na hezi 50. Likiandikwa volti 115 na hezi 60, liache. Kisha soma aina ya gesi ya kupozea. R12 ni ya kukwepa: ilipigwa marufuku kupitia Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zilipewa mpaka 2010 kuacha kuitumia. R134a mafundi wengi wanaijua. R600a inakula umeme kidogo, ila inawaka moto, na friji la nyumbani hubeba gramu chache tu, mara nyingi chini ya 100. Fundi akiijaza, lazima aipime kwenye mizani. Fundi anayetaka kutia R134a kwenye friji la R600a usimkabidhi friji lako.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa kompresa: iwe baridi. Washa. Inatakiwa kuanza mara moja na kunguruma kwa utulivu. Ikilia kidogo, ikasema "tak" na kunyamaza, halafu ikarudia baada ya dakika chache, umeme ni mdogo, au relei imekufa, au kompresa yenyewe imekwama. Chomoa waya ukutani, ng'oa relei, itikise karibu na sikio. Ikichakacha, kijiwe cha ndani kimevunjika. Hilo ni tatizo dogo na ni sababu nzuri ya kuomba bei ipungue.

Relei ikiwa nzima, pima pini tatu za kompresa kwa tesita, kipima umeme, upande wa omu, mbili mbili. Vipimo viwili vidogo vikijumlishwa vitoe kile kikubwa: omu 12 na 18, basi kubwa iwe 30. Pini yoyote ikisoma na gamba la chuma la kompresa, waya za ndani zimegusa chuma, ondoka. Kompresa ya inveta ni tofauti, vipimo vyake vitatu hukaribia kulingana.

Liache liendeshe nusu saa. Kwenye friza la aina inayogandisha barafu kwenye kuta zake, ukungu mweupe uenee sawasawa. Ukikaa kona moja tu pale gesi inapoingilia, gesi imepungua au kapilari, kile kibomba chembamba cha kupitisha gesi, imeziba, na kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kutupa hela. Mulika tochi humo uone alama za kisu: barafu iliyobanduliwa kwa kisu ndiyo hutoboa alumini ya friza, na hiyo huua mafriji mengi yaliyokuwa mazima.

Bana karatasi mlangoni, uivute, pande zote nne. Ikichomoka bila kukaza, mpira umekakamaa.

Matumizi ya umeme ndipo la zamani hushindwa mara nyingi. Chomeka mita ndogo ya plagi kwa saa 24. Likizidi jipya la ukubwa uleule kwa uniti moja kwa siku, hizo ni uniti 365 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, halafu linganisha na bei ya jipya.

Lisafirishe likiwa limesimama. Likilazwa, lisimamishe saa kadhaa kabla ya kuwasha, ili oili irudi kwenye kompresa. Na liwe la zamani au jipya, weka friji gadi yenye kuchelewesha umeme dakika 3 hadi 5 baada ya kurudi, kwa sababu kompresa ikilazimishwa kuanza kabla presha haijatulia, waya zake huungua.